Dume Lililokwenda Kunilaki

Tangu nirudi sijapata kumaliza kikombe cha chai katika chumba cha walimu. Mtu huketi, huniuliza Ulaya kulikuwaje, na kabla sijajibu huniuliza lile hasa lililomleta: ati ni kweli dume langu la ng'ombe lilifunga safari kwenda kunilaki? Ni kweli. Nimelieleza jambo hili mara nyingi mno, hata mke wangu Sabina hunisahihisha ninapokosea, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyelituma hilo dume. Basi nimeamua kuliandika lote mara moja. Nyinyi msome, mimi ninywe chai yangu ikiwa bado moto.

Habari za tiketi na pasipoti naziruka, maana sijamwona mtu aliyefurahishwa nazo. Itoshe kusema kwamba rafiki yangu Dankani, yule Mskoti aliyefundisha sayansi nasi hapa Kitale na kuondoka akijua Kibukusu cha matusi tu, alinialika kwao nikapumzike likizo ya Agosti. Nilipumzika. Nilitembezwa kwenye majumba mabovu ya wafalme wao waliokufa, nikaonyeshwa kondoo kana kwamba sijawahi kuona kondoo, nikanyeshewa. Wenzetu wanaiita hiyo likizo, na wengine huilipia.

Jambo moja lazima mlijue kabla hatujaondoka. Ule mwaka wa themanini na nane ulikuwa mwaka wa tohara, na mpwa wangu Barasa, mtoto wa dada yangu Nekesa aliyeolewa Matulo, alikuwa ametangaza kwamba yuko tayari. Kwetu kijana wa kutahiriwa huja kwa mjomba wake siku moja kabla, njuga mikononi. Mjomba humchinjia dume, humkatia ukanda wa nyama ya kidari na kumvika shingoni, huku akimtolea maneno makali ya kumkaza moyo. Ukanda huo ndio unaowaambia watu kwamba mama wa kijana hakuokotwa njiani. Kijana akienda uwanjani bila huo, atakayechekwa miaka yote si yeye, ni mama yake. Na Nekesa alikuwa amechekwa vya kutosha. Baba yetu alikufa mapema, na watu wa shemeji yangu Makokha humwona kama mwanamke asiye na watu nyuma yake. Walipopata habari kwamba nakwenda Ulaya mwaka ule ule, walifurahi kupita kiasi. Walisema mjomba atalitupa dume kutoka kwenye ndege.

Nilimwahidi dada yangu kwamba nitakuwa nimerudi wiki nzima kabla ya siku hiyo. Wiki nzima! Nilijiona mtu mwenye mipango.

Kutoka Skotland hadi London

Mama yake Dankani aliniaga mlangoni. Alinipa mkate uliotiwa vipande vya tango, ambacho ni chakula kwao, na koti zito jeusi la marehemu mumewe lililonifika karibu na vifundo vya miguu. Kisha akasema kwaheri na kufunga mlango. Nilisimama pale nje kidogo, nikidhani ameenda kuvaa viatu ili anisindikize. Dankani akanishika mkono na kunieleza kwamba tayari nimeshaagwa.

Yeye alinifikisha kituo cha basi, akanishika mkono tena na kuondoka kabla basi halijawasha injini, kwa sababu gari lake haliruhusiwi kusimama pale zaidi ya dakika chache. Rafiki yangu wa miaka minne! Hapa kwetu hata mtu anayekwenda Ndalu kununua mbegu husindikizwa na nusu ya kijiji.

Ndani ya basi nilimsalimu bwana aliyeketi kando yangu. Aliangalia chini haraka kuhakikisha kwamba hajanikanyaga. Nikamwonea huruma, nikamkatia nusu ya mkate wangu wa tango na kumkaribisha. Alinishukuru sana, akainuka, akaenda kuketi nyuma kabisa. Nilikula nusu zote mbili, na niseme ukweli, simlaumu.

Uwanja wa ndege wa London

Pale uwanjani tuliambiwa kwamba ndege ina kasoro ndogo. Jioni kasoro ikawa bado ndogo. Asubuhi yake ilikuwa ndogo vilevile, na sisi tulikuwa tumelala kwenye viti vilivyotengenezwa na mtu ambaye hapendi binadamu wakilala. Msichana wa kaunta alikuwa akitabasamu kila nilipomwendea, na kila mara alisema muda si mrefu. Nilianza kufikiri kwamba amezaliwa kwetu Bungoma, ambako kila kitu ni muda si mrefu.

Karibu nami alikuwa amekaa bibi mmoja aitwaye Magareti, anayekuja kwetu kuona simba. Aliniuliza kama nyumbani kwangu kuna simba wengi. Nikamwambia Saboti tuna nyani wanaoiba mahindi, basi. Alisikitika kwa niaba yangu. Ili kumfariji nikamweleza habari za Barasa na lile dume linalonisubiri.

“Kwa hiyo ng'ombe anakungoja wewe?” akauliza.

“Ananingoja mimi.”

“Na usipofika, atapona?”

Nikamjibu kwamba nisipofika, ng'ombe atapona lakini dada yangu hatapona. Akafungua mkoba wake na kunipa peremende. Siku nzima, kila mtangazaji alipotaja ndege yetu, bibi yule alikuwa akinigeukia na kuniuliza kwa wasiwasi, “Na ng'ombe?” Hapo nilikuwa bado nacheka. Nilikuwa na wiki nzima mfukoni.

Kairo

Ndege iliruka mwishowe, ikatua Kairo kuchukua mafuta, na ikapapenda. Kasoro ile ndogo ilikuwa imekua. Tulipelekwa kwenye hoteli yenye mazulia mekundu na bomba lisilotoa maji, tukaambiwa tupumzike. Kila mtu alitaka nipumzike mwaka ule.

Chakula ndicho kilichonipatanisha na mji huo. Asubuhi walileta maharagwe! Maharagwe yenyewe, yaliyopondwa na kutiwa mafuta na kitunguu, pamoja na mikate bapa ya moto. Nilikaribia kulia. Baada ya majuma ya tango na kondoo wa kuchemshwa, nilikula kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu, yaani niliisafisha sahani ikang'aa. Mhudumu, mtu mnene mwenye sharubu, akaijaza tena. Nikaisafisha tena, maana kuacha chakula cha watu ni matusi. Akaijaza. Nilipoanza kuhema, Magareti alininong'oneza kwamba labda kwao sahani tupu maana yake mgeni hajashiba. Nikaacha maharagwe matatu kama majaribio. Mhudumu akaweka mkono kifuani, akainama na kuondoka ameridhika. Lakini chai alinimiminia mpaka nilipokimbia, kwa sababu sikuweza kujizuia kumaliza glasi.

Tulikula, tukalala, tukaambiwa kesho. Kesho tukala, tukalala, tukaambiwa kesho. Wiki yangu ya mipango iliishia Kairo, kidogo kidogo, juu ya zulia jekundu. Simu ya hoteli ilikuwa inakubali kupiga popote duniani isipokuwa Kenya. Nilipoona siku zimebaki za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, hamu ya kucheka iliniisha. Usiku nilimwona Nekesa ameketi jikoni kwake, na ndugu za mumewe nje wanaongea kwa sauti ya kutaka awasikie. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, nimefungiwa hotelini kwa maharagwe.

Nairobi, na pale treni ilipolala

Tulitua Nairobi Alhamisi adhuhuri. Barasa alikuwa aje kwangu Ijumaa na kutahiriwa Jumamosi alfajiri. Sanduku langu liliamua kuongeza likizo. Halikuonekana, na hadi leo halijaonekana. Sikulingoja. Magareti alinikumbatia mbele ya watu na kuniambia nimsalimie ng'ombe.

Nilitafuta simu nikampigia Mama Njeri, mwenye duka la vifaa vya kilimo pale Kitale, kwa sababu simu yake ndiyo simu yetu sote wa Saboti. Nilipaza sauti mpaka watu wa Nairobi wakanipisha. Nilimwambia amwambie Sabina hivi: nimefika salama, napanda treni ya leo jioni, nitashuka Webuye asubuhi, na nitakuwa nyumbani kabla ya Barasa. Basi. Mtoto wa darasa la pili angeelewa.

“Nimeskia, Mwalimu,” akasema Mama Njeri. “Webuye asubuhi. Natuma mtu saa hii.”

Na alituma. Mama huyu hana kosa lolote katika habari hii, na asitajwe tena kwa ubaya.

Treni iliondoka vizuri. Nililala fofofo, na nilipoamka kulikuwa kimya, baridi, na ukungu dirishani. Nikafikiri tumefika. Tulikuwa Timboroa, juu kabisa mlimani, na mbele yetu mabehewa ya mizigo yalikuwa yameacha reli na kulala ubavu. Akina mama wa pale walikuwa tayari wamepata habari kabla ya wasafiri wenyewe. Walitembea chini ya madirisha na ndoo za viazi vya kuchemsha na chumvi iliyofungwa katika vipande vya gazeti.

“Treni itaondoka saa ngapi?” nilimuuliza mmoja.

“Hii? Nunua ya kutosha mpaka jioni,” akanijibu.

Nikanunua, nikavaa koti la marehemu, nikashuka na kuelekea barabara kuu nikiwa natafuna. Koti lile lilikuwa limenifanya kituko tangu London, na sasa watu wa Timboroa waliliangalia kwa wivu.

Lori la saruji

Lori lililosimama lilikuwa limebeba saruji kwenda Kitale. Mbele palikuwa pamejaa, nikapanda juu ya mifuko pamoja na turnboi, msaidizi wa dereva, mtu wa makamo mwenye maswali. Niliwaza: Webuye haifai tena, dume liko nyumbani, Barasa anakuja nyumbani, basi niende moja kwa moja nyumbani. Nawaomba mwone jinsi wazo hilo lilivyokuwa safi.

“Unatoka wapi na hilo koti?” turnboi aliuliza.

“Skotland. Ulaya.”

“Ulikuwa unasoma?”

“Hapana. Likizo.”

Alinikagua koti mpaka tukapita mashamba mawili. “Bana, si useme tu walikufukuza? Hakuna mtu hapa.”

“Sikufukuzwa. Nilialikwa na rafiki.”

“Mzigo yako iko wapi?”

“Imepotea.”

“Umerudi na koti na viazi.” Alitikisa kichwa kwa huruma. “Hata binamu yangu alirudi hivyo tu. Alisema pia ni likizo.”

Nilipomweleza kwamba nina haraka kwa sababu ya mpwa wangu, hapo ndipo alipoacha utani. Alikuwa mtu wa Kimilili, Mbukusu mwenzangu. Aligonga paa la lori kwa kiganja na kumpigia dereva kelele: “Kanyaga! Huyu ni mjomba!” Dereva akakanyaga. Mfuko mmoja ukapasuka, na kutoka Eldoret hadi Kitale nilikuwa nakula vumbi la saruji. Sikulalamika. Kwa mara ya kwanza tangu Skotland nilikuwa nimekutana na mtu aliyeelewa kwamba nimechelewa.

Kitale na Saboti

Mama Njeri alinikuta mbele ya duka lake nikijikung'uta. Alinitazama mara mbili.

“Mwalimu? Si ulisema Webuye?”

Nikamweleza. Akafunga duka, yeye ambaye halifungi hata kukiwa na mazishi, akaniambia nipande pikapu yake, atanifikisha Saboti. Jua lilikuwa limepita utosini, na nilikuwa nikitega sikio kila kona, nikitarajia kusikia njuga.

Sikusikia kitu. Boma langu lilikuwa tupu. Mlango umefungwa kwa kamba, moto umezimwa, kuku wamejikalia. Nikaenda nyuma ya zizi. Kigingi cha dume kilikuwepo, dume halikuwepo.

Nilifikiri wameshachinja, wamemaliza, wamekwenda. Lakini hapakuwa na damu, wala majivu, wala mbwa aliyeshiba. Jirani yangu Mama Chepkemoi akatokea kwenye ua wake, akaniona nimejaa vumbi jeupe kuanzia nywele hadi viatu, akapiga ukemi.

“Mwalimu! Ati Ulaya inafanya mtu mweupe hivi, na haraka hivi?”

“Sabina yuko wapi? Ng'ombe iko wapi?”

“Si wameenda kukulaki! Waliondoka jana jioni na ng'ombe. Sabina alisema ati wewe unashuka Webuye, na Webuye na Matulo ni hapo hapo tu. Sasa wewe utoke huko na uchovu yote ya ndege, ukuje mpaka huku, na kijana naye atoke huko akuje huku? Akasema hapana, wacha ng'ombe ikutane na wewe huko. Ndio usichoke.”

Ndio nisichoke. Nilisimama pale nikiwa na saruji puani, nikaangalia kigingi. Nimeoa mwanamke mwenye huruma sana. Sabina alikuwa amefikiria miguu yangu, mgongo wangu, usingizi wangu, akafikiria kila kitu isipokuwa kwamba dume la mjomba halichinjwi kwa baba wa kijana. Kijana huenda kwa wajomba. Wajomba hawapeleki dume kwa miguu kama watu wanaolipa faini. Watu wa Makokha wangelipokea kwa vigelegele na kusimulia kicheko hicho mpaka kwa wajukuu. Na mimi nimesimama Saboti, dume limekwenda kunitafuta, na hakuna mjomba popote.

Nikaketi juu ya mtungi uliogeuzwa. Nilimwambia Mama Njeri ukweli, kwamba nimeshindwa, arudi akafungue duka lake.

“Huyo kijana ako na mama?” akauliza.

“Dada yangu.”

“Basi unakaa hapo unafanya nini? Panda gari. Ng'ombe haina mabawa. Itakuwa imelala Ndalu kwa njia.”

Ndalu

Ilikuwa imelala Ndalu. Baba yangu mdogo, Mzee Khaemba, alipata shamba pale wakati wa kugawa mashamba ya walowezi, na Sabina alikuwa amepitia kwake usiku kuomba mahali pa kulaza dume. Asubuhi alipotaka kuendelea na safari, mzee alitoka na fimbo, akasimama njiani. Hayo nilisimuliwa baadaye. Tulipofika, jua likielekea kuzama, tulikuta trela ya kubebea miwa iliyovutwa na trekta imesimama mlangoni, vijana wa Matulo wamechoka kuimba, na ugomvi umefika kileleni.

“Nimesema hii ng'ombe haivuki hapa!” Mzee Khaemba alikuwa akipiga kelele. “Nirituma mtu na baisikeri asubuhi, nikasema kijana aretwe hapa. Hapa ni kwa wajomba. Mnataka dume ya kwetu iende kuchinjwa kwa boma ya Makokha? Sisi ni watumwa?”

“Mzee, hatujakataa,” shemeji yangu Makokha akajibu. Alikuwa amevaa suti ya kahawia na hasira ya siku nzima. “Si tumekuja? Lakini Sabina alituma neno jana, na mimi nimesimama stesheni Webuye tangu alfajiri. Treni haikuja. Mjomba hakuja. Sasa jua inaenda. Kata wewe hiyo nyama, umvalishe, turudi.”

“Naweza kukata,” mzee akasema, na sauti ikashuka. “Kijana ndio anakataa.”

Barasa alikuwa ameketi chini kando ya dume, mgongo umegusa ubavu wa mnyama, njuga zimelala mapajani. Uso wake ulikuwa umekaushwa na vumbi la barabara. Hakuwa akimtazama mtu.

“Mimi nangoja mjomba,” akasema.

“Mjomba yako ako Ulaya!” mmoja wa ndugu za Makokha akamwambia, na wenzake wakacheka. “Anakula siagi.”

“Mama alisema atakuja. Nangoja.”

Nilishuka kwenye pikapu. Nilitaka kuingia kwa heshima, kama mjomba, lakini koti lilinaswa mlangoni na nikajikwaa mbele ya watu wote. Mtu mweupe wa saruji, koti jeusi la kuburuta chini, macho mekundu. Watoto wawili walikimbia. Sabina alikuwa wa kwanza kunitambua. Alifunika mdomo, na badala ya kunipa pole akaniuliza, “Sasa wewe umetokea upande gani?” Nikamwambia hayo tutayazungumza. Bado tunayazungumza.

Hapakuwa na muda. Dume lilichinjwa kabla sijanawa uso, na Mzee Khaemba alinikatia ukanda wa nyama ya kidari akanipa mikononi, bado una joto. Barasa akasimama mbele yangu. Watu wakasogea, hata wale wa Makokha, maana huu ndio wakati mjomba anapopaswa kumvika na kumtisha. Niliyapanga maneno hayo tangu uwanja wa London. Nilikuwa nimwambie kwamba kwetu hakuna mwoga, kwamba kisu hakijui mtoto wa mtu, kwamba akitikisika asije tena kwangu hata kuomba maji. Nilikuwa niyaseme kwa sauti ya radi.

Nikafungua mdomo. Nikaona jinsi shingo yake ilivyo nyembamba. Nikamwona ameketi pale tangu mchana, watu wazima wakimcheka, akilindia jina la mama yake kwa sababu tu mama alisema nitakuja. Maneno yote yakanipotea. Nilimvika ukanda, na machozi yakaanza kuchora mifereji kwenye saruji usoni mwangu.

Barasa akasogea karibu, akaninong'oneza bila kubadilisha uso:

“Mjomba, usilie. Watu wataona ni kama wewe ndio unatahiriwa.”

Nikampiga kofi. Si kubwa, ndilo kofi la desturi, na lilikuja kwa wakati wake, kwa sababu nisingempiga ningemkumbatia, na hilo lingetuharibia wote wawili. Vijana wakapiga nduru, njuga zikaamka, na wimbo ukaanza. Hata Makokha alikuwa akiitikia.

Matulo

Mjomba halazimiki kwenda huko, lakini nilipanda trela na hakuna aliyenizuia. Mama Njeri alipewa paja zima la nyama akaondoka zake. Njia nzima hadi Matulo niliketi juu ya majani ya miwa, koti langu limewafunika vijana watatu, na sikuwa na habari ya baridi.

Alfajiri walimtoa mtoni akiwa amepakwa matope toka kichwani. Alikuja akikimbia, akasimama mahali pake uwanjani, akainua macho akatazama mbali. Nilikuwa nimejipanga mbele, mahali ambapo watu wote wangeniona, hasa ndugu za Makokha. Mtahiri akatokea. Sitaeleza zaidi, mnajua wenyewe. Barasa hakupepesa hata ukope. Alisimama pale mpaka kipenga cha kumaliza kilipolia na wanawake wakapasua anga kwa vigelegele, na vile vidole vyake vilikuwa vimelegea tu, kana kwamba anangoja mtu amletee kiti.

Mama wa kijana haji uwanjani wakati huo. Nekesa alikuwa ndani, ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, na vigelegele vilikuwa vimekwisha kumfikia lakini hakuinuka. Niliingia nikashika mlango. Tulikuwa hatujaonana tangu Juni. Hakuniuliza habari za Ulaya, hakuniuliza safari, wala hakunipa pole ya chochote.

“Alisimama?” akauliza.

“Alisimama.”

“Na wewe?”

“Mimi nilianguka,” nikamwambia. “Kipenga kilipolia tu, chini. Makokha ndiye aliyeniinua.”

Nekesa alinitazama kuona kama ninatania, akaona sitanii. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akalala ubavu pale sakafuni, machozi yakimtoka, akicheka kwa sauti kubwa aliyokuwa nayo utotoni kabla hajajifunza kuishi na watu wale. Na huko nje uwanjani, ndugu wote wa mumewe wakanyamaza wakamsikiliza.